Q Kubwa Haiagi

Ukibonyeza q ndogo, Lynx inakuuliza kwa adabu kama kweli unataka kuondoka. Ukibonyeza Q kubwa, imeshaondoka. Haiulizi, haiagi, na makala uliyokuwa umefika katikati yake imekwenda nayo. Kinachotenganisha adabu hiyo na ujeuri huo ni kitufe cha Shift peke yake, nami vidole vyangu vimelelewa na taipureta: vinabonyeza kwa nguvu na havijui kubembeleza.

Kwa asiyeifahamu, Lynx ni kivinjari cha intaneti kinachoonyesha maandishi matupu. Hakuna picha, hakuna video, hakuna tangazo linalochomoka pembeni. Mausi unaweza kuirudisha kabatini. Kila jambo linafanyika kwa kibodi: mshale wa chini unakupeleka kwenye kiungo kinachofuata, wa juu unakurudisha kwenye kilichopita, wa kulia unafungua kiungo uliposimama, wa kushoto unakutoa ukurasani na kukurudisha ulikotoka. Kitufe cha nafasi kinakushusha skrini nzima, b inakupandisha. Ukitaka kwenda tovuti fulani unabonyeza g, kisha unaandika anwani. Ukibonyeza G kubwa, inakuletea anwani ya ukurasa uliopo ili uirekebishe. Nani aliomba kurekebisha anwani? Simjui, ila alisikilizwa.

Aliyeniingiza humo ni mpwa wangu, mtoto wa dada, anayesomea mambo ya kompyuta na ambaye hawezi kuona mashine ya mtu imechoka akanyamaza.

"Shikamoo mjomba. Hii laptopu bado inawaka?"

"Marahaba. Inawaka, ila inawaza sana."

Nikamweleza shida zangu. Mashine inachukua dakika kadhaa kufungua gazeti, na bando ninalonunua asubuhi halioni adhuhuri. Akakaa, akabofyabofya, akaguna kama wanavyoguna mafundi kabla ya kutaja bei.

"Mjomba, unalipia picha."

"Picha nazitazama."

"Na fonti je? Na vile vijiprogramu vya kuhesabu nani kaingia, katoka saa ngapi? Na ile video inayojichezesha yenyewe kule chini?"

"Hizo sijawahi kuziomba."

"Ndiyo nakwambia. Unazilipia."

Hesabu yenyewe inauma. Habari ya maneno 600 ya Kiswahili ina herufi kama 4,000, yaani kilobaiti 4 hivi. Ukurasa wa kawaida wa wavuti siku hizi unazidi megabaiti 2. Maana yake kila nikisoma habari moja, nimenunua na nyingine 499 za hewa. Lynx inashusha ule waraka wa HTML peke yake na kuyaacha mengine yote huko huko yaliko. Hata huo waraka una manyama uzembe yake, tena mengi, lakini bando langu sasa linafika jioni likiwa hai. Kwa hilo sina ugomvi. Ugomvi wangu uko kwenye vitufe.

Amri zote hizi za herufi moja moja zinafanya kazi mradi hujasimama kwenye kisanduku cha kuandikia. Ukishafika kwenye kisanduku, cha kutafutia kwa mfano, kila amri inageuka kuwa herufi ya kawaida. Unabonyeza q utoke, inaandika q. Unabonyeza tena kwa hasira, inaandika qq. Unaomba msaada kwa h, na sasa unatafuta qqh kwenye intaneti nzima. Kule chini ya skrini pana mstari unaokueleza kwamba hapa ni mahali pa kuandika, tumia mshale wa juu au wa chini au Tab kujinasua. Nani anasoma mstari wa chini akiwa katikati ya ugomvi?

Mpwa alipoona nimefura akaniambia kuna namna ya kukifanya kisanduku kilale mpaka ukiamshe mwenyewe kwa Enter. Mpangilio wenyewe uko kwenye faili linaloitwa lynx.cfg. Nikalifungua. Ni maelfu ya mistari, mingi ikiwa maelezo ya mistari mingine. Hawa watu hawakumnyima mtu chochote. Walikiweka tu mahali ambapo sharti ulijue jina lake kwanza ndipo ukione.

Basi ukibonyeza k, unaletewa orodha ya vitufe vyote na kazi zake. Nikaichapisha, nikaibandika ukutani mbele ya meza. Mama watoto aliisoma mstari kwa mstari akauliza nimeandikiwa na daktari gani. Orodha ikanifaa mpaka siku mpwa alipoazima laptopu. Vijana wa kompyuta wana mtindo wao wa kutumia h, j, k na l badala ya mishale, eti kidole kisisafiri, na Lynx ina mahali pa kuuwasha mtindo huo. Akauwasha, akamaliza shughuli zake, akaenda zake. Asubuhi nabonyeza k nione orodha, kishale kinapanda juu. Nabonyeza h kuomba msaada, narudishwa ukurasa wa nyuma. Nilipompigia simu akasema, bila hata kupunguza sauti ya muziki, kwamba mtindo huo ukiwa umewashwa msaada unahamia H kubwa na orodha inahamia K kubwa. Karatasi yangu ya ukutani ilikuwa imechapishwa bure.

Nikataka kujua nani wa kulaumiwa. Lynx ilizaliwa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, mwaka 1992, mikononi mwa Lou Montulli, Michael Grobe na Charles Rezac, kwa ajili ya kusambaza taarifa za chuo. Siku hizo ukikaa kwenye kompyuta ya chuo mara nyingi ulikuwa umekaa mbele ya skrini na kibodi tu, waya ukielekea kwenye mashine kubwa iliyo chumba kingine. Mausi ungeichomeka wapi? Kabla yao, kwenye kituo cha CERN kule Uswisi, mwanafunzi wa hisabati aitwaye Nicola Pellow alikuwa ameandika kivinjari kinachotoa mistari mmoja baada ya mwingine, kila kiungo kikiwa na namba yake kwenye mabano. Wewe kazi yako ni kuandika namba. Ukitokea huko, mishale ya Kansas ilikuwa anasa. Namba hizo Lynx inazo hadi leo ukitaka kuziwasha, na mimi nimeziwasha, maana kuandika 47 ni rahisi kuliko kubonyeza mshale wa chini mara 46 huku unahesabu.

Mwaka 1993 ikaja Mosaic na picha zake ndani ya ukurasa, watu wakahamia huko na hawajarudi. Lynx ikabaki na wenyewe. Ndicho kivinjari kikongwe kuliko vyote ambavyo bado vinatunzwa, na tangu miaka hiyo ya 1990 anayekitunza ni Thomas Dickey. Simlaumu Dickey. Mtu anayekarabati jengo alilolikuta hawezi kuulizwa kwa nini milango inafunguka kinyume.

Montulli ndiye nina neno naye. Huyu bwana, baada ya kutupa kivinjari kisichojali urembo, mwaka 1994 alijiunga na Netscape, na mwaka huo huo akabuni vidakuzi, vile vijikumbusho ambavyo tovuti inakuachia kwenye mashine yako ili ukirudi ikutambue. Na hakuishia hapo. Kuna kisa amekisimulia mwenyewe. Wahandisi wa Netscape walikuwa baa usiku, wakijadili nakshi za kuongeza kwenye HTML. Montulli akasikitika kwamba Lynx yake isingeweza kuonyesha karibu nakshi zote hizo. Labda kitu pekee ambacho ingekiweza, akasema, ni maandishi yanayowaka na kuzima. Wakacheka, wakaendelea na vinywaji. Baadaye usiku ule mmoja wao akarudi ofisini, na kulipokucha maandishi yakawa yanapepesa. Yakapepesa duniani kote, kwenye kurasa za hoteli, za makanisa, za wauza magari, mpaka macho ya watu yakaomba poo. Firefox iliyaondoa mwaka 2013. Kwa hiyo lile neno KARIBU lililokuwa likiwaka na kuzima mbele ya uso wako miaka ile, chimbuko lake ni huruma ya baa kwa kivinjari kisicho na picha.

Turudi kwenye vidakuzi. Vivinjari vingine huvimeza kimyakimya. Lynx, ukiiacha ilivyokuja, inasimamisha kila kitu na kukuuliza juu ya kila kimoja. Chini ya skrini linatokea jina la tovuti, kisha msururu wa herufi na tarakimu usiosomeka, kisha swali: kipokewe? Y ni ndiyo. N ni hapana. A ni pokea vya tovuti hii daima. V ni usipokee kamwe. V imeokotwa katikati ya neno lenyewe la Kiingereza, never, kwa sababu herufi ya mwanzo ilishakaliwa na hapana ya mara moja. Na usizoee kubonyeza V ovyo, kwani ukiwa nje ya swali hilo v inafungua orodha ya kurasa ulizohifadhi.

Kuna gazeti nililifungua nisome habari ya bei ya mafuta. Maswali yakaja mfululizo. N. Kingine. N. Kingine tena. N. Nilipomaliza kukataa, habari ikatokea yote, haijapungua hata nukta. Yale matangazo yao ya kwamba bila vidakuzi hatutaweza kuhudumiwa vizuri, mimi nilihudumiwa vizuri kabisa.

"Ungebonyeza V mara moja, mjomba, yangeisha."

"Nilitaka wasikie kila hapana."

Sasa picha. Lynx inapokutana na picha, inatafuta maelezo ambayo mwenye ukurasa aliyaandika kuihusu na kukuwekea hayo. Kama hakuandika, inakuwekea jina la faili kwenye mabano. Hapa ndipo nilipoanza kuzijua siri za vyumba vya habari. Kichwa cha habari kinasema mheshimiwa azindua kisima, na chini yake yupo mheshimiwa mwenyewe: [WhatsApp-Image-2024-03-11-at-10.22.45.jpeg]. Mkutano wa hadhara, umati usiohesabika: [IMG_4471.jpg]. Msanii aliyeachia albamu: [picha-mpya-mpya2-hii-ndiyo.jpg]. Mkuu wa mkoa, mtu mzima, mwenye gari la bendera, amehifadhiwa kwa jina la [Untitled-1.jpg].

Nilicheka mpaka machozi. Mpwa akanitazama tu. Darasani kwao, akasema, kuna mwenzao asiyeona. Kompyuta yake inamsomea skrini kwa sauti, na anapenda vivinjari vya maandishi kwa sababu kila kitu kinakuja kwa mstari, hakuna vinavyorukaruka. Kwake yeye mkuu wa mkoa ni hizo hizo herufi na tarakimu zilizosomwa na mashine, moja baada ya nyingine, bila mzaha. Miongozo ya kimataifa inayotaka kila picha iwe na maelezo ipo tangu mwaka 1999. Kinachotakiwa ni sentensi moja. "Mkuu wa mkoa akifungua bomba." Magazeti yanayoajiri watu wa kuhakikisha tangazo linakurukia usoni yamekosa mtu wa kuandika maneno matano.

Ni mambo ya aina hiyo ndiyo Lynx inakuonyesha, na sijui kama nilitaka kuyaona. Kwenye kurasa nyingi kiungo cha kwanza kabisa ni cha kuruka kwenda kwenye habari yenyewe. Kwenye vivinjari vya picha kwa kawaida kinafichwa, kimewekwa kwa ajili ya wanaosomewa skrini. Kwenye Lynx kipo wazi, na mimi nakirukia kwa pupa. Pasipo kiungo hicho unaanza safari: Mwanzo, Kitaifa, Kimataifa, Biashara, Michezo, Burudani, Afya, Maisha, Video, Picha, Matangazo ya Vifo, Zabuni, Ingia, Jisajili, Umesahau Nywila. Kona ya juu kulia Lynx inakuandikia upo skrini ya ngapi kati ya ngapi, na mara kadhaa nimeikuta habari inaanzia ya 3 na kuishia hiyo hiyo ya 3, iliyobaki yote ikiwa ni Soma Pia. Ukurasa ukiwa umeandikwa ovyo ovyo, inakutangazia kule chini kwamba HTML hii ni mbaya, na inaweka alama 2 za mshangao. Nampenda sana aliyeongeza ile ya pili.

Kuna ofisi moja, nisiitaje, nilitaka kujua inafunga saa ngapi. Ukurasa wao wote kwenye Lynx ulikuwa sentensi moja: tafadhali washa JavaScript. Lynx haina JavaScript ya kuwasha. Saa za kazi za ofisi, yaani tarakimu mbili na neno alasiri, zimefungiwa ndani ya programu nzima ambayo lazima kwanza ije iendeshwe kwenye mashine yangu. Nilikwenda kwa miguu. Walikuwa wameshafunga.

Nisiwe mwizi wa fadhila, kuna kipengele kimoja nilikipenda bila masharti. Ukiiendesha Lynx kwa amri ya dump, inakumwagia ukurasa wote kama maandishi ya kawaida, unakili, utume popote. Nikaanza kuwatumia ndugu habari kwenye kundi la familia, bando lao nalo lipumzike. Lakini Lynx inapomwaga inaacha namba ya kila kiungo kwenye mabano katikati ya sentensi, na orodha ya anwani zote mwishoni. Habari ya mvua za masika ikafika kwa shangazi ikiwa na [12] hapa, [13] pale, [14] baada ya neno mafuriko. Akaipokea kwa heshima zote, akauliza hizo aya ni za kitabu kipi.

Mpwa alipoona nimeanza kuizoea, akaja na habari za vipya. Kwa Lynx hana cha kunitishia: toleo la 2.8.9 lilitoka mwaka 2018 na la 2.9.0 likafuata mwaka 2024. Huo ndio mwendo wangu. Chrome hutoa toleo jipya kila baada ya wiki chache, na kila toleo limehamisha kitu ulichokuwa umeshajua kilipo. Lakini kijana akaona mjomba anapitwa na mambo. Akanifungulia w3m, iliyoandikwa na Akinori Ito wa Japani mwaka 1995.

"Hii inapanga majedwali vizuri zaidi, mjomba. Na ukiiongezea kifaa chake, inaonyesha picha."

"Picha?"

"Ndani kabisa ya dirisha la maandishi. Safi sana."

"Mimi nimehama nyumba yenye kelele, wewe unanifuata na spika."

Hakusikia. Akaniletea ELinks, ambayo Petr Baudiš aliianzisha mwaka 2001 akitokea kwenye Links, kazi ya Mcheki mwenzake Mikuláš Patočka. Hiyo ina vichupo: t inafungua kipya, alama za < na > zinakutembeza kati yake. Matoleo yake ya karibuni yanajaribu hata kuendesha JavaScript. Kisha akanionyesha Browsh, ya mwaka 2018, ambayo inaendesha Firefox nzima kwa siri nyuma ya pazia na kuuchora ukurasa kwa vijimraba vya rangi kwenye dirisha la maandishi. Ukikodoa macho kwa mbali unaweza kuitambua video. Nikamuuliza kama Firefox nzima ipo humo ndani, kwa nini tusiifungue hiyo Firefox. Akasema inategemea. Vijana wakishindwa siku hizi husema inategemea.

Kinachochosha zaidi ni kwamba hawa waungwana hawakuwahi kukaa pamoja. Kwenye Lynx, g ni ya kwenda kwenye anwani. Kwenye w3m, g inakupeleka mwanzo wa ukurasa, na anwani inaandikwa kwa U kubwa. Kurudi ulikotoka Lynx ni mshale wa kushoto. W3m mshale huo unasogeza kishale tu, na kurudi ni B kubwa. Nimechapisha karatasi nyingine mbili, ukuta umejaa, mama watoto amehamishia kalenda jikoni. Jambo pekee nililowakuta wameafikiana, Wamarekani, Mjapani na Wacheki, bila kikao wala posho, ni Q kubwa. Kote inaondoka bila kuaga.

Halafu kuna c. Kwenye ELinks c inafunga kichupo ulichomo. Kwenye w3m inakuonyesha anwani ya ukurasa. Kwenye Lynx, na hili nililiona nikipitisha kidole kwenye karatasi ya kwanza nikakirudisha kuhakikisha, c ni ya kumwandikia mwenye ukurasa.

Enzi zile mtu akiandika ukurasa aliweka kichwani mwake mstari mmoja usioonekana unaotaja nani kautengeneza na barua pepe yake ni ipi. Lynx inausoma mstari huo. Umekwazwa na ulichosoma, unabonyeza c, inakufungulia barua, unamwaga ya moyoni, inakwenda kwa mwenyewe. Hakuna fomu. Hakuna kuchagua kama lalamiko lako ni la huduma, bidhaa au mengineyo. Herufi moja, tena ndogo, haina hata Shift. Miaka yote hii nimekuwa nikilalamika kwa mdomo, kwa barua, kwa simu zinazoniambia simu yangu ni muhimu sana kwao, kumbe kitufe chenyewe kilishatengenezwa Kansas.

Nikaketi vizuri. Nikaanza na gazeti la vidakuzi. Nikabonyeza c. Lynx ikajibu kwamba hakuna mwenyewe aliyetajwa kwenye ukurasa huu, kwa hiyo siwezi kutuma maoni. Nikaenda kwa ile ofisi iliyofungwa. Hakuna mwenyewe. Kwa gazeti la mkuu wa mkoa [Untitled-1.jpg]. Hakuna mwenyewe. Kampuni yenye jengo la vioo, walinzi getini na mkurugenzi mwenye ujumbe wa ukaribisho wa skrini 2: hakuna mwenyewe. Wote, lakini, wana kiungo cha Wasiliana Nasi. Nilikifungua kimoja kwa simu, maana kwenye Lynx kilitaka JavaScript. Nikaandika lalamiko langu kwa utulivu na mpangilio. Kabla ya kulipokea wakanitaka nithibitishe kwamba mimi si roboti, nichague picha zote zenye taa za barabarani. Bando likakata kwenye picha ya nne.

Ndipo nikapata wazo la kufungua ukurasa wa safu hii hii unayoisoma. Jina langu lipo pale juu, na picha yangu pia ipo, ingawa kwa taarifa yako naitwa [kichwa-mzee-crop.png]. Nikabonyeza c. Hakuna mwenyewe. Nikampigia mhariri kumuuliza mwenye safu ni nani. Akasema swali zuri, niwaulize watu wa teknolojia. Watu wa teknolojia wakasema maudhui ni ya mhariri.

Mpwa, aliyekuwa akila embe mlangoni akisikiliza yote, akaniambia nisihangaike. Ni mstari mmoja tu, anaweza kuwaandikia wauongeze jioni hiyo hiyo, wenye jina langu na barua pepe yangu, na kuanzia hapo msomaji yeyote mwenye Lynx akikwazwa na nilichoandika atabonyeza c na lalamiko lake litanifikia moja kwa moja.

Nikamwambia asithubutu.